"Aliyeona kilindi": maana ya maneno yanayofungua utenzi wa Gilgamesh

Waandishi wa Babeli ya kale waliuita utenzi kwa maneno yake ya kwanza. Utenzi wa Gilgamesh, mfalme wa Uruk, mji uliokuwa kusini mwa Iraki ya leo, uliitwa kwa Kiakadi, lugha yao, *Sha naqba imuru*, yaani "aliyeona kilindi".

Neno zito hapo ni *naqbu*. Maana yake ya kwanza ni maji ya chini kabisa, yale ambayo watu wa Mesopotamia, nchi ya Babeli na Uruk, waliamini yametanda chini ya ardhi, chimbuko la chemchemi na makao ya Ea, mungu wa hekima. Maana ya pili ni ujumla wa mambo, ndiyo maana wengine husoma "aliyeona yote". Mimi nashika kilindi, maana kwetu neno hilo lina bahari ndani yake: ni pale ambapo upondo haugusi chini. Na Gilgamesh, kama tutakavyoona, alizama kwelikweli.

Utenzi haukuanza hivyo tangu mwanzo. Nakala za zamani, za karibu mwaka 1800 KK, zilifunguliwa kwa maneno "aliyewapita wafalme wote". Karne kadhaa baadaye utenzi ulipangwa upya, kazi ambayo mapokeo ya Babeli yanamhusisha nayo msomi Sin-leqi-unninni, na mistari 28 ikawekwa mbele. Ile sifa ya ufalme haikufutwa. Ilisukumwa tu hadi mstari wa 29, na mbele yake akasimama mtu aliyesafiri mbali, akachoka, akapata utulivu.

Aliona nini, basi?

Mwanzoni haoni mtu. Ni mfalme mwenye theluthi mbili za uungu na theluthi moja ya ubinadamu, anayewaonea vijana wa mji na kuwaingilia maharusi, hata watu wakalia kwa miungu. Miungu wakamuumba Enkidu kwa udongo, mtu wa nyikani aliyekula majani pamoja na paa. Wawili hao walikutana mlangoni mwa nyumba ya arusi, wakapigana mieleka hadi kuta zikatikisika, kisha wakawa marafiki. Nalipenda sana jambo hilo: rafiki wa kwanza wa Gilgamesh ni mtu wa kwanza aliyemzuia njia. Pamoja walimuua Humbaba, mlinzi wa msitu wa mierezi, na Fahali wa Mbinguni. Miungu wakaamua mmoja wao afe.

Enkidu hakufa vitani. Aliugua siku 12 kitandani, na hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe. Gilgamesh akamfunika uso rafiki yake kama bibi arusi, akakataa kumzika. Akamlilia siku sita na usiku saba, mpaka funza akadondoka kutoka puani mwa maiti. Ni funza huyo aliyemwondoa Gilgamesh pale. Kila atakayekutana naye baadaye atamwambia maneno yaleyale: rafiki yangu niliyempenda amegeuka udongo, je, mimi nami sitalala kama yeye, nisiinuke tena milele?

Hapo huzuni na woga vimeshikana, wala utenzi hauvitenganishi. Anamlilia Enkidu na anajililia mwenyewe. Aliyewahi kukaa matanga atatambua.

Akavaa ngozi za wanyama, akatembea hadi ng'ambo ya maji ya mauti kumtafuta Utnapishtim, mtu aliyeokoka gharika na kupewa uzima wa milele. Mzee akampa mtihani mdogo: akae macho siku sita na usiku saba. Gilgamesh alichuchumaa tu, usingizi ukamfunika kama ukungu. Mke wa mzee akawa anaoka mkate kila siku na kuuweka kichwani pake, huku akitia alama ukutani. Alipoguswa, akaapa kwamba ndiyo kwanza asinzie. Akaonyeshwa mikate: wa kwanza umekauka, wa pili mgumu kama ngozi, wa tano umeota ukungu, wa saba ungali kwenye makaa. Anayetaka kukishinda kifo ameshindwa na usingizi, na ushahidi umepangwa mbele yake.

Wakati wa kuondoka akaambiwa juu ya mmea wa vilindini unaorudisha ujana. Akajifunga mawe mazito miguuni, akazama, akaung'oa ingawa ulimchoma mikono. Hakuula papo hapo. Alisema ataupeleka Uruk, ampe mzee mmoja kwanza. Yule aliyewahi kunyang'anya kila kitu! Njiani akaingia kuoga kwenye kidimbwi cha maji baridi. Nyoka akanusa harufu ya mmea, akauchukua, akaenda zake huku akijivua gamba. Gilgamesh akaketi, akalia.

Kisha akaendelea na safari. Alipofika Uruk mikono mitupu, alimwambia Urshanabi, nahodha aliyemvusha, apande juu ya ukuta, atembee, akague msingi, atazame kama matofali yake hayakuchomwa tanuruni. Akamhesabia mji: sehemu moja nyumba, sehemu moja mashamba ya mitende, sehemu moja machimbo ya udongo, na nusu sehemu hekalu la Ishtar, mungu wa kike wa mji huo.