Mshale wa mafuta ukirukaruka, usikimbilie kubadilisha geji

Hapa Mtwara mshale wa mafuta ukianza kuchezacheza, utaambiwa: "Geji imekufa, tafuta dashibodi nyingine." Mara nyingi si kweli, na inauma kuona mtu anamwaga hela bure.

Geji inaonyesha kile inacholetewa tu. Ndani ya tenki kuna floti, yaani boya dogo linaloelea juu ya mafuta. Mkono wake unateleza juu ya kipande chenye ukinzani wa umeme, na geji husoma ukinzani huo. Kipande kikilika, mshale unaruka palepale kila mara, tuseme kwenye nusu. Ukiruka popote gari likipita kwenye shimo, shuku waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) na plagi ya juu ya tenki. Upepo wa chumvi wa Shangani hula shaba mpaka ikaota ukungu wa kijani. Nimeuona kwa macho yangu.

Tenki la Subaru Impreza WRX limekaa kama tandiko juu ya shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, kwa hiyo lina floti mbili. Moja ikiharibika, geji inadanganya hata kama ile nyingine ni mpya. Fundi azitoe zote mbili, mbali na moto, betri ikiwa imefunguliwa. Asogeze mkono taratibu huku akitazama mita ya kupimia ukinzani: namba zisikatike njiani.