Raba ya Stoo Si Raba Mpya

Jumamosi mzee mmoja alikuja gerejini na Peugeot 504 yake, mkononi ameshika boksi dogo la karatasi kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na raba za silinda za breki za nyuma. "Fundi, hizi ni orijino. Zimekaa stoo tangu enzi za Moi, hakuna aliyezigusa." Alikuwa amezilipia mara tatu ya bei ya zile zinazotengenezwa sasa, na alisubiri nifurahi pamoja naye.

Nilichukua moja nikaukunja mdomo wake kwa kidole gumba. Ikafunguka nyufa pande mbili, nyembamba, kama za kisigino kilichokauka. Nikamwonyesha. "Mzee wangu, na hii unataka kuteremka ule mteremko mkali wa Mai Mahiu?"

Ni mara ya nne mwaka huu mwenye gari la zamani kuniletea raba za stoo, na maneno huwa yale yale: cha zamani ndicho orijino, cha kunakili ni feki. Watu wanasoma boksi. Hawaulizi kilichomo ndani kimetengenezwa kwa kitu gani na kimekaa miaka mingapi. Kwa chuma, tutajadiliana. Kwa raba sijadiliani na mtu.

Raba huzeeka ikiwa imelala. Oksijeni huila polepole, ozoni huipasua pale ilipojikunja, na joto la stoo ya mabati huharakisha yote mawili. Kwenye silinda ya breki, kazi yote inafanywa na ule mdomo mwembamba unaojibana ukutani presha ikija. Ukikakamaa, mafuta hupita na pedali huzama.

Sasa nije kwa wale wanaokimbilia upande wa pili, kwa sababu nao wananichosha. Mtu anatoka hapo kwangu, anaenda duka la paipu za haidroliki Kirinyaga Road, Nairobi, anapima raba nyeusi yenye ukubwa uleule, anarudi akisema amepata ya shilingi hamsini. Ukubwa ni sawa kabisa. Lakini raba za haidroliki mara nyingi ni za naitrili, aina ya raba ya kutengenezwa, na naitrili imeundwa kuvumilia mafuta ya petroli na oili ya injini. Mafuta ya breki, yale yenye alama ya DOT 3 au DOT 4 kwenye chupa, ni ukoo mwingine. Ndani yake naitrili huvimba na kulegea, breki zinaanza kushika zenyewe, na siku moja gurudumu linafuka moshi. Raba ya breki za kawaida inatakiwa iwe EPDM, aina nyingine ya raba ya kutengenezwa, au ya aina za zamani zinazopatana na mafuta hayo.

Kwa macho huwezi kuzitofautisha, zote ni nyeusi. Ninachofanya ni kununua moja ya ziada, ninakata kipande chembamba, ninakipima unene kwa venia, rula ile ya kubana, na kukitumbukiza kwenye petroli hadi kesho yake. Kikivimba sana, hiyo ndiyo ninayoitaka. Wateja hushtuka hapa, lakini ndivyo ilivyo: kinachoshindwa na petroli ni EPDM na jamaa zake, na hao ndio wanaoishi vizuri na mafuta ya breki. Kikibaki karibu vilevile, huenda ni naitrili, nairudisha dukani. Kwa sababu hiyohiyo, tafadhali, msioshe silinda za breki kwa petroli. Nimewaambia vijana wangu hadi nimewanunulia spiriti mimi mwenyewe. Wenye Citroën DS ya mafuta ya kijani ya LHM, geuzeni yote niliyosema. Yale ni mafuta ya madini na yanataka naitrili.

Jaribio langu lina mwisho wake, na sitaki kulificha. Halinitofautishii EPDM na raba ya asili, ambazo haziwezi kudumu sawa kwenye joto. Hapo ninategemea maandishi ya pakiti na muuzaji niliyemzoea kwa miaka, na ninajua huo si ushahidi.

Halafu hili neno "kopi". British Motor Heritage, kampuni ya Uingereza, walipoanza mwaka 1988 kutoa tena bodi nzima za MGB, gari la michezo la zamani, walitumia vifaa vilevile vya kiwandani vya zamani. Hiyo bodi ni feki? Volkswagen Beetle iliendelea kutengenezwa Mexico hadi 2003, kwa hiyo vipuri vyake vingi mnavyoviita kopi vilitoka kwenye laini ya gari ambalo lilikuwa bado linauzwa likiwa jipya. Kwa upande mwingine, kichwa cha injini cha orijino kilichotengenezwa kwa ajili ya petroli yenye risasi kina shida hapa Kenya tangu risasi iondolewe kufikia mwanzo wa 2006: bila risasi ya kuzilinda, vali hula siti zake, pale zinapokalia. Mimi ninatia siti ngumu za kisasa, na gari linatembea.

Kuna mahali ambapo nawaunga mkono wapenda stoo, tena bila kusita. Rota ya distributa, kile kipande kinachozunguka kugawa cheche. Za kunakili za distributa za Lucas zimenitesa: ribiti, yaani kipini kinachoshika shaba, inakuwa ndefu mno, cheche inatoboa plastiki na kuruka hadi kwenye shafti, na gari linazimika barabarani likiwa na petroli, betri na kila kitu. Rota ya zamani isiyo na ufa, nichukulie zote. Kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme cha distributa, ndiyo inayoninyima usingizi. Za zamani zimenyonya unyevu, mpya zinakufa kwa joto, na bado sijapata jibu zaidi ya kuifunga nje ya distributa, mbali na injini, na kuweka nyingine kwenye dashibodi.

Vyuma navyo, pimeni thredi. MGB na Mini za zamani zina nati za paipu za breki za inchi 3/8 UNF, thredi za vipimo vya inchi. Nati hiyo inaingia kwenye tundu la M10, la milimita 10 lenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1, inazunguka vizuri, hata inakaza kidogo. Kipenyo chake ni milimita 9.5, kwa hiyo imeshika kwa ncha za meno tu. Ukikanyaga breki kwa nguvu inaweza kung'oka. Nimeikuta kwenye gari lililotoka kwa fundi mwingine likiwa limeshalipiwa, na mwenye gari alikuwa amebebea watoto ndani yake wiki nzima.

Turudi kwa mzee. Nilipata seti mpya, kipande cha ya ziada kikavimba kwenye petroli kama nilivyotaka. Nilipofungua silinda nilikuta kutu imekula ukuta wa moja, kwa sababu mafuta hayakuwa yamebadilishwa kwa miaka na yalikuwa yamenyonya maji. DOT 4 mpya huchemka kuanzia 230°C. Ikishanyonya maji, kiwango rasmi kinaikubali hata ikichemka kwa 155°C, na breki kwenye mteremko wa Mai Mahiu zinaweza kufikia joto hilo. Silinda ile imeenda Kariobangi kuchongwa na kutiwa sleevu, yaani ukuta mpya wa ndani. Ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, tulibishana na fundi wa mashine karibu saa nzima. Nilichagua shaba kwa kuwa huchongeka laini zaidi. Mzee anachukua gari Ijumaa, na ameshapeleka boksi lake dukani kudai pesa.