"Mistakenly" kwenye hati ya kiapo: eleza uliamini nini

Malalamiko ya aina moja yamezidi kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mombasa. Mtu ameeleza mambo yake kwa Kiswahili, mpigachapa akayaandika kwa Kiingereza kwenye hati ya kiapo (affidavit, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia), na siku ya kesi anaulizwa maswali juu ya maneno ambayo hakujua kwamba ni yake. Neno linaloongoza ni "mistakenly", yaani "kimakosa". Linawekwa mahali pa "kwa bahati mbaya", "sikukusudia", "nilipitiwa" na "nilidhani", ilhali kisheria hayo ni mambo tofauti.

Chukua mfano wa abiria aliyeshuka feri ya Likoni alfajiri na mfuko wa mitumba usio wake. Hati yake inasema: "I mistakenly took the bag." Sentensi hiyo inakiri kwamba mfuko aliuchukua, kisha inanyamaza. Kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu (Penal Code) ya Kenya kinamkinga aliyetenda kwa imani ya dhati na yenye sababu ya kueleweka, hata kama imani hiyo haikuwa sahihi. Hawajibiki kupita vile ambavyo angewajibika kama mambo yangekuwa alivyoyaamini. Basi imani yenyewe lazima itajwe. Kiingereza chake kiwe hivi: "I took the bag, mistakenly believing it was mine" (niliuchukua mfuko nikiamini, kimakosa, kwamba ni wangu). Kisha aeleze sababu: mifuko yote miwili ilikuwa ya bluu, imefungwa kwa kamba ya katani, na wake aliuweka palepale. Aseme pia aligundua lini (alipoufungua Kongowea, tuseme) na akachukua hatua gani mara moja. Aliyegundua asubuhi akauza nguo mchana hana cha kutuambia kuhusu kifungu cha 10.

Kuna mtego mwingine ambao sisi wa Pwani twajitegea wenyewe. Twasema "nilijua ni wangu" tukimaanisha tulidhani. Mpigachapa mwenye haraka anaandika "I knew", na hapo umeapa kwamba ulijua jambo ambalo halikuwa kweli. Mbele ya mpigachapa sema "niliamini".

Wapo pia wanaodhani neno hili ni kinga ya kila kitu. Si kinga. Ukinunua simu ya bei ghali kwa bei ya kutupa, kichochoroni, bila risiti, na muuzaji anakuhimiza ufanye upesi, kuandika "mistakenly" hakutakusaidia. Kifungu cha 322 kinamgusa anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, na adhabu yafika miaka 14. Kutoijua sheria nako si utetezi kwa kawaida. Hilo liko kifungu cha 7, na tumechoka kulirudia.

Sasa utaratibu. Hati ya kiapo husainiwa mbele ya kamishna wa viapo, yaani mtu aliyeidhinishwa kisheria kuapisha watu. Hati zilizosainiwa nyumbani na kutumwa na kijana wa bodaboda zikapigwe muhuri tunaziona, na hatuzipendi. Kamishna huandika mahali na tarehe ya kiapo, na vielelezo (nyaraka zilizoambatishwa) hutiwa alama na muhuri wake. Asiyesoma Kiingereza aombe asomewe na kufasiriwa hati yote kabla ya kusaini, na jambo hilo liandikwe kwenye hati. Muhuri hauthibitishi kwamba uliyosema ni kweli. Unaonyesha kwamba uliapa, na mzigo wa ukweli ni wako. Anayetoa ushahidi wa uongo kwa kujua, katika shauri la mahakama na juu ya jambo la msingi, anaweza kufungwa miaka 7 chini ya kifungu cha 110.

Mahakama za chini husikiliza kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa hivyo ukiitwa kutoa ushahidi unaweza kuusema kwa lugha yako. Mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika ana haki ya mkalimani bila malipo, Ibara ya 50 ya Katiba. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya wakili wako.

Ukiwa umeshaapa ukagundua kwamba neno limekaa vibaya, usilifute kwa wino mweupe wala usiandike juu yake. Mwone wakili au dawati la msaada, uape hati ya ziada inayotaja aya yenye kosa na kueleza ulichomaanisha, kisha iwasilishwe kabla ya tarehe ya kusikilizwa na nakala wapewe wa upande wa pili.