Gari ya kulala kutoka Uingereza: hesabu miezi kabla ya kuhesabu kodi

"Kaka, kempa nishanunua, wiki ijayo naipakia. Kodi yake itafika ngapi hapo bandari ya Malindi?"

Simu hii naipokea mara kwa mara kutoka kwa ndugu zetu walioko Uingereza wanaojiandaa kurudi nyumbani Zanzibar na kempa, yaani gari ya kulala. Mimi ni wakala wa forodha, na kabla sijataja shilingi moja huwa nauliza: uliinunua lini?

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe ushuru wa forodha mtu anayehamisha makaazi yake kuja kuishi huku, kwa gari moja. Masharti yake ni mazito. Awe ametimiza miaka 18, na gari iwe yake mwenyewe, aliyoimiliki na kuitumia huko nje kwa muda usiopungua miezi 12. Siku ambazo gari iko baharini hazimo katika hesabu hiyo. Basi la abiria zaidi ya 13 halimo, wala gari ya mizigo inayobeba zaidi ya tani mbili. Vitu vya mhamiaji vinatakiwa viingie ndani ya siku 90 tangu yeye mwenyewe kuwasili, na muda zaidi ya hapo ni wa kuombewa kwa Kamishna.

Mteja wangu mmoja, mtu wa Wete, alikuwa na miezi kumi na nusu. Alishalipia nafasi melini. Nilimsihi asubiri, akaona namcheleweshea safari. Gari ilipofika ikatozwa kama ya mtu yeyote, na mimi ndiye niliyemkabidhi karatasi ya malipo. Iliniuma, kwa sababu wiki sita tu zingemwokolea maelfu ya dola.

Bila msamaha hesabu iko hivi: tuseme Volkswagen Transporter ya sisi 1968, na thamani yake pamoja na bima na nauli hadi bandarini ni dola 12,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 3,000. Sasa msingi umekuwa 15,000, na juu yake inakuja ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini inayozidi sisi 1000 na isiyozidi 2000: 750. Kisha VAT ya Zanzibar, asilimia 15, inapigwa juu ya jumla yote ya 15,750, nayo ni 2,362.50. Jumla 6,112.50. Chukua ile ya zamani yenye injini ya sisi 2461, ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 10 na jumla inafika 6,975. Watu wengi wanajumlisha asilimia tu, 25 na 5 na 15, wanapata 45. Siyo hivyo. Kila kodi inakaa juu ya mgongo wa iliyotangulia. Na gari ikiwa kuukuu, nyongeza ya umri nayo ipo.

Sasa karatasi. Kwa forodha, gari iliyotengenezwa kwa kulala, yenye kitanda na jiko, inaingia namba 8703 pamoja na gari ndogo za abiria. Van ya mizigo ni 8704. Karavani ya kuburuta iko 8716, nayo haina injini, kwa hiyo usiiombee msamaha wa gari. Tatizo ninaloliona sana ni mtu aliyenunua van tupu akaichongea kitanda mwenyewe, na kadi yake bado inasema van ya mizigo. Afisa anasoma kadi, anafungua mlango, anaona friji na godoro. Hapo maswali yanaanza, na gari inakaa bandarini ikila gharama. Rekebisha kadi huko huko, DVLA, wakala wa usajili wa magari wa Uingereza, waandike aina ya bodi kabla hujaileta.

Na kadi yenyewe, ile V5C, imeandikwa wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inaonyesha anayeitunza gari. Kwa hiyo niletee na risiti ya kununulia, yenye jina lako na tarehe, pamoja na bima za miezi yote hiyo, maana ndizo zinazoonyesha umeitumia. Wakati wa kusafirisha utakata kipande cha kuhamisha gari nje ya nchi uwapelekee DVLA. Kilichobaki kitunze kama roho yako. Bila hicho usajili huku utakwama.

Ukaguzi unaotakiwa na Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, ufanyike kabla gari haijapakiwa. Meli ikianza kushusha una siku 21 za kuwasilisha hati forodhani.

Wengi wanachanganya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, na ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Forodha ni jambo la Muungano, hivyo ushuru bandarini unalipwa TRA. Usajili wa vyombo vya moto na namba ya Z unakwenda ZRA. Kulipa kwa mmoja hakumalizi kwa mwenzake.

Wa Pemba, kamilisheni usajili Unguja kwanza, bima mkononi, ndipo mpande feri ya magari kwenda Mkoani. Na wewe mwenye miezi kumi na moja unayesoma hapa, piga simu kwa wakala wa meli leo uahirishe.