Asilimia ya nini? Dhana potofu kwenye daftari la matumizi

"Kilichopanda asilimia 20 kikishuka asilimia 20, tumerudi palepale."

Haturudi. Sukari ya 3,000 ikipanda asilimia 20 inafika 3,600. Punguzo la asilimia 20 linakatwa kwenye hiyo 3,600, yaani 720, na kilo unaipata kwa 2,880. Hapo mnunuzi kapona. Ila geuza mambo: mshahara wa laki tano ukatwe asilimia 20, halafu uongezwe asilimia 20. Unashuka hadi 400,000, unapanda hadi 480,000, na elfu ishirini imeyeyuka. Ili urudi ulipokuwa unahitaji nyongeza ya asilimia 25. Kwa hiyo ukisikia asilimia yoyote, uliza kwanza: ya nini?

"Risiti ya 118,000 ina VAT ya 21,240, kwani VAT si asilimia 18?"

Kiwango cha kawaida cha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, Tanzania Bara ni hicho, lakini kinahesabiwa kwenye bei ya kabla ya kodi. Gawanya 118,000 kwa 1.18 upate 100,000. Kodi ni 18,000.

"VAT ya mafuta Kenya ilipanda asilimia 8 tu."

Julai 2023 ilitoka asilimia 8 hadi 16. Hizo ni pointi 8, yaani 16 kutoa 8. Kodi yenyewe imeongezeka maradufu, yaani asilimia 100. Na kama bei ya kabla ya kodi haikubadilika, anayejaza tangi analipa kutoka 108 hadi 116 kwa kila 100, nyongeza ya kama asilimia 7.4. Namba zote tatu ni za kweli, ndiyo maana mwanasiasa huchagua inayomfaa.

"Riba ya asilimia 10 ni ya kawaida."

Kwa mwezi au kwa mwaka? Ukikopa laki moja kwa asilimia 10 kwa mwezi, ukawa unalipa riba peke yake, mwaka ukiisha umetoa 120,000 na ile laki bado unadaiwa.

"Namba hasi kwenye daftari ni dalili mbaya."

Inategemea umetoa nini kwenye nini. Tuseme safu ya tofauti ni bajeti kutoa matumizi. Chakula ulitenga 60,000, ukatumia 68,000: −8,000. Umeme ulitenga 20,000, ukatumia 15,000: +5,000. Jumla ni −3,000, umezidisha. Mwenzako akianza na matumizi akatoa bajeti, yuleyule aliyezidisha ataandika +3,000. Andika kanuni juu ya safu, hasa kama daftari ni la mume na mke. Ugomvi mwingi wa nyumbani wala si wa hela.

"Pesa yangu ni iliyo mfukoni."

Mfukoni una 12,000, kwa Mangi mwenye duka unadaiwa 15,000. Uko kwenye −3,000. Mangi akikufutia 5,000, hakuna noti iliyoingia mfukoni, lakini −3,000 ukitoa −5,000 unapata 2,000. Kuondoa deni ni kuongeza.

Sasa jaribu kuyageuza mabadiliko hayo kuwa asilimia. Umesogea mbele 5,000. Gawanya kwa −3,000 ulikoanzia, kikokotoo kinakuletea −167%, kana kwamba umeporomoka. Kikokotoo hakijakosea. Ukianzia chini ya sifuri asilimia haina maana, kwa hiyo mstari huo uandike kwa shilingi tu.