Mama, hiyo karatasi sio bili

Kazi yangu hapa Houston, Marekani, ni kuwasaidia watu kujiunga na bima ya afya na kuitumia, na wengi wanaokaa mezani kwangu ni akina mama wanaoongea Kihispania, wa Honduras, El Salvador, Mexico, Venezuela. Wanakuja na mfuko wa plastiki, ule wa supamaketi, umejaa bahasha za miezi sita hazijafunguliwa, manake kila ukifungua ni habari ya hela tu. Mie nazimwaga zote mezani tunazigawa mafungu, na nyingi ya zile za kutisha zimeandikwa kabisa "esto no es una factura", hii sio bili.

Mama mmoja alikuwa kalipa mara mbili. Bima ilimtumia maelezo tu, yani hospitali imedai kiasi gani, bima imekubali kiasi gani, na yeye huenda akadaiwa ngapi, akaona tarakimu akapeleka hela, halafu bili yenyewe ikaja akalipa tena na hospitali ikapokea bila neno. Wiki tatu za simu ndo hela zikarudi. Kwahiyo ukipata bili isubiri karatasi ya bima, ziweke pamoja, zikipishana usitoe hata senti kabla hujapiga simu.

Watu wanadhani tatizo ni Kiingereza. Hata ukimpa karatasi ya Kihispania bado anakwama! Ada ya kila mwezi inaitwa "prima", na kwao prima ni binti wa shangazi au mjomba. Bima yenyewe wao wanaiita "aseguranza", karatasi inasema "seguro". Halafu kuna "deducible", hapo ndo ugomvi unapoanza, manake hiyo ni hela unayotoa mfukoni mwako kwanza kwa mwaka kabla bima haijaanza kuchangia matibabu mengi. Mtu kalipa prima miezi kumi bila kukosa, anaumwa, anaambiwa deducible yako ni dola 3,000 na hujaifikia. Anaona katapeliwa, na simlaumu.

Ila kuna vitu deducible haivigusi, na hapa ndo huwa nakaa sana. Sheria ya bima ya 2010, ile watu wanaiita Obamacare, inazitaka bima nyingi zilipe huduma nyingi za kinga bila wewe kuchangia kitu: kipimo cha matiti kuanzia miaka 40, kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi, uzazi wa mpango, kipimo cha kisukari cha mimba, hadi mashine ya kukamulia maziwa. Sharti daktari awe kwenye orodha ya bima yako. Na kuna mtego. Umeenda kwa uchunguzi wa mwaka, ukagusia kwamba goti linauma, daktari akalishughulikia, basi bili inakuja maana goti ni matibabu sio kinga. Sisemi unyamaze na goti lako, sema, ila uliza hapohapo litaandikwaje. (Kabla ya 2014 wanawake waliojinunulia bima wenyewe mara nyingi walitozwa kuliko wanaume, na mimba ilikuwa sababu tosha ya kukataliwa, eti ugonjwa uliokuwepo tayari.)

Mkalimani nae ni haki, bure, kwenye hospitali au kliniki yoyote inayopokea hela ya serikali kuu. Nimeona binti wa miaka 11 akimtafsiria mama yake habari za kizazi, mama kainama chini, mtoto hajui aseme neno gani. Isipokuwa dharura hairuhusiwi kumtumia mtoto hivo. Nawaambia hilohilo mama zetu Wakongo waliopo huku, maana na Kiswahili kina mkalimani, wao wanaona aibu kuomba.

Asiye na bima nae asikimbie bili. Hospitali zisizo za kibiashara lazima ziwe na mpango wa msaada kwa wasiojiweza, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Mjamzito wa hapa Texas asiye na makaratasi aulize CHIP Perinatal, mpango wa serikali wa kulipia huduma za ujauzito, inaangalia kipato, sio uhamiaji. Ukipelekwa dharura hospitali isiyo kwenye orodha ya bima yako, tangu Januari 2022 hawaruhusiwi kukubambikia ile tofauti ya walichodai na bima ilicholipa, ila ambulensi ya barabarani haimo humo, wengi wanaumia hapo.

Barua ya "hapana" sasa, yani bima imekataa kulipia matibabu. Wengi wakiiona wanaichukulia kama hukumu, kumbe ni kampuni tu imesema, na una siku 180 kukata rufaa kwao wenyewe, wakikataa tena una miezi minne kuomba mtu wa nje asiyelipwa kwa kusema hapana aliangalie. Unachohitaji ni sababu yao kwa maandishi na barua ya daktari inayoijibu sababu hiyohiyo, sio barua ya kukusifia kwamba we ni mgonjwa mzuri.

Wiki iliyopita mama mmoja kaichomoa barua kama hiyo chini kabisa ya mfuko, ya upasuaji wa fibroidi, ule uvimbe wa kizazi. Tumehesabu tarehe kwenye kalenda ya ukutani, siku ya 171. Daktari kaandika kesho yake, tumetuma kwa rejista, risiti kaiweka kwenye sidiria. Majibu bado.