Benzeni hairuki kati ya sura mbili

"Benzeni, molekuli ya pete ya kaboni, hubadilika upesi sana, mara sura hii, mara sura ile." Wanafunzi wengi wa kemia hulibeba wazo hili hadi chuoni, na halikuzuka hivi hivi. August Kekulé, mwanakemia Mjerumani aliyependekeza mwaka 1865 kwamba kaboni 6 za benzeni zimejipanga kwa pete, alieleza mwaka 1872 kuwa ndani ya pete hiyo bondi moja (kiungo kimoja kati ya atomu mbili) na bondi maradufu (viungo viwili) hupokezana nafasi bila kukoma. Alikuwa na sababu: ukiweka bromini mbili kwenye kaboni zinazopakana, unapata kampaundi moja tu, ilhali mchoro wa bondi zisizohama unadai ziwe mbili.

Ukweli ni kwamba hakuna kinachopokezana. Kila bondi ya pete ina urefu wa pikomita 139 hivi, katikati ya bondi moja (154) na maradufu (134). Lakini ushahidi wa joto ndio unaonishawishi zaidi. Kuongeza hidrojeni kwenye sikloheksini, yenye bondi maradufu moja, hutoa kilojuli 120 hivi kwa moli. Bondi tatu za aina hiyo zingetoa 360. Benzeni hutoa 208 tu. Imetulia zaidi kwa kilojuli 152, na kupokezana nafasi kusingeipa utulivu huo, maana kila sura ingebaki na nishati ya bondi tatu za kawaida. Elektroni 6 za bondi hizo maradufu zimetandaa juu na chini ya pete nzima, muda wote. Michoro miwili, kila mmoja ukiweka bondi maradufu mahali tofauti, ni yetu sisi. Molekuli ni moja. Ndiyo maana mshale wa rezonansi, unaounganisha michoro ya molekuli ileile, ni mmoja wenye ncha mbili, wala usichanganywe na mishale miwili ya msawazo, ya vitu viwili vinavyogeukiana.

Jambo hili si la benzeni peke yake. Oksijeni tatu za ioni (chembe yenye chaji) ya kabonati, ile iliyomo katika matumbawe na mawe ya chokaa, ziko umbali uleule kutoka kwa kaboni.

Wala si kila mchoro una uzito sawa. Katika asidi ya ethanoiki, ile ya siki, mchoro unaotenganisha chaji, chanya huku na hasi kule, huchangia kidogo. Protoni (hidrojeni isiyo na elektroni) ikishatoka, michoro miwili ya ioni inayobaki hulingana kabisa, na hiyo ni sababu mojawapo ya asidi hii kuachia protoni kwa urahisi kuliko ethanoli.

Na atomu? Hazisogei kamwe kati ya mchoro na mchoro. Hidrojeni ikihama, kama asetoni inapogeuka kuwa enoli yake, ambayo hidrojeni yake imehamia kwenye oksijeni, hizo ni kampaundi mbili tofauti, na hapo ndipo penye mishale miwili.